Maji Baridi ya Fundi Faraji

Ukitaka kuchekwa Lushoto bila kutumia nguvu, jifunze ufundi wa friji. Huu ni mji ambao maziwa hulala mezani yakaamka mazima, na siagi huwekwa karibu na jiko ili ilainike. Siku Faraji alipotundika kibao chake jirani na soko, kimeandikwa FUNDI FRIJI kwa rangi ya buluu, muuza pichi wa upande wa pili alimwuliza kama mwezi ujao ataanza kuuza na ukungu. Faraji hakujibu. Ni mtu wa kujibu kesho yake, wewe ukiwa umeshasahau swali.

Kazi, hata hivyo, hakuikosa. Friji huharibika penye baridi kama penye joto, na wenye bucha na wauza soda hawawezi kuutegemea ukungu, maana ukungu huja unapotaka wenyewe. Basi siku zake zilikwenda hivyo: chumba cha mbele kimejaa majokofu yaliyopasuliwa vifua, chumba cha nyuma wanaishi yeye na mama yake, Bi Salama. Mkewe alifariki zamani kabla hawajajaliwa mtoto. Alimlia, akanyamaza, akazoea. Au tuseme alidhani amezoea.

Halafu akaja mwalimu Nasra, amekumbatia boksi la plastiki linalovuja maji.

Alikuwa mzaliwa wa Pangani, amepangiwa kufundisha shule ya msingi pale mjini; mwanamke wa makamo aliyeachika angali kijana, na sauti yake ya pwani ilikuwa ikiyavuta maneno kama anayaonja kwanza kabla ya kuyaachia. Kaka yake aliyeitwa Hamza alikuwa Tanga, naye ndiye aliyemtumia lile boksi kwa basi.

"Fundi, nisaidie," alisema. "Nina samaki humu, changu, na kwangu sina friji. Nikiwaacha hivi mpaka jioni, paka wa mtaa mzima watahamia kwangu."

Faraji alimpa droo moja katika friji lake pekee lililokuwa zima. Tangu hapo ikawa desturi. Kila Ijumaa vipindi vikiisha mwalimu alipita kuchukua kitoweo chake, na kabla hajakitia mfukoni alikinusa, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Ndipo akaaga. Na Faraji, jamani msimcheke, alianza kuishi kwa ajili ya ile Ijumaa. Mtu mzima, mwenye mvi za pembeni, aliingoja juma zima nafasi ya kumwona mtu akinusa samaki.

Miaka ilikwenda. Hakusema kitu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi hayafichiki, lakini Lushoto kila mtu anakohoa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Ijumaa moja ya masika, mvua ikiwa imeushika mji tangu asubuhi, Nasra alimnusa samaki wake asifumbe macho.

"Hainuki tena," akasema.

"Nini, Mwalimu?"

"Bahari. Sijui ni samaki au ni mimi. Naona chumvi inanitoka mwilini, Fundi, kila mwaka kidogo kidogo. Iko siku nitaulamba mkono wangu nikute ladha ya kabichi." Alicheka, ila macho hayakucheka. Kisha akasema kwamba ameomba uhamisho na umekubaliwa. Shule zikifungwa mwezi wa sita atashuka Pangani, na hatapanda tena.

Faraji alishika mlango wa friji ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. "Na huku," akasema, "hakuna la kukuzuia?"

Nasra alimtazama kwa muda. Sijui aliona nini. "Wameniuliza sana mbona siolewi huku," akasema. "Nikawajibu nitaolewa Lushoto siku bahari itakapopanda mlima." Akafunga mfuko wake, akafungua mwavuli, akatoka.

Mwanamume mwingine angesikia hapana. Faraji alisikia sharti.

Akampigia simu Hamza. Waliwahi kuongea mara nyingi habari za maboksi na mabasi, lakini safari hii Faraji alikuwa na swali lingine: mtu akitaka kuiweka bahari ndani ya kioo, kidogo tu, aanzie wapi? Hakusema ni ya nani, na Hamza hakuuliza. Kazi ya Hamza ilikuwa hiyo hiyo; alimfanyia kazi mfanyabiashara mmoja mwenye kibali cha kufuga samaki wa mapambo, na baharini walikuwa na vichanja ambavyo juu yake walipandikiza matumbawe.

"Anza na mawe," Hamza alimjibu. "Maji ya bahari, mchanga, na mawe niliyoyatoa kwenye matangi yangu, yenye uhai wake. Halafu ngoja. Usitie hata samaki mmoja mpaka maji yazoeane na mawe."

Faraji alikata vioo kwa fundi madirisha, akavigandisha kwa silikoni ya kuzibia milango ya majokofu, likapatikana tangi la ukubwa wa sanduku la bibi harusi. Akaliweka chumba cha nyuma karibu na dirisha. Chini na mgongoni akalivika sponji alilolichuna kwenye friji lililokufa, maana kinachozuia joto lisiingie kinaweza pia kulizuia lisitoke. Ndani ya kila friji kuna kiswichi kinachojua ubaridi umefika wapi, na joto likipanda hukiamsha chombo kipoze. Kile kiswichi akakigeuza nyaya, kikawa kinangoja baridi, na baridi ikizidi kinaiamsha hita. Maisha yake yote alikuwa akifukuza joto. Sasa alilikumbatia kama kuku anayelalia mayai, na kazi hiyo ilimpendeza kuliko alivyotarajia.

Maji yalipanda mlima katika madumu, yakipokezwa kutoka basi hadi basi, Muheza, Mombo, Soni. Kondakta mmoja alionja kidogo kwa kidole akatema nje ya dirisha mpaka mji mzima ukajua kuna jambo. Watu walikata shauri kwamba Faraji anafuga perege. Hakukanusha.

"Perege wako hawajambo?" Nasra alimwuliza Ijumaa iliyofuata, akisikia maji yanabubujika nyuma ya mlango uliofungwa.

"Hawajambo, Mwalimu. Bado hawajafika."

Nasra alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyeleta daftari tupu, akaondoka na changu wake.

Yakaja majuma ya mawe. Faraji alikaa mbele ya tangi jioni, kazi ikiisha, na hapakuwa na kitu cha kutazama ila mawe, mchanga, na taa ya buluu aliyoitundika juu. Ukungu ulishuka kutoka Magamba ukaegemea dirisha. Akikaa sana, mipaka ilianza kulegea: mwanga wa tangi ulitoka hadi kwenye kioo cha dirisha, ukungu ukaupokea, na nje yote ikawa maji. Aliona paa za soko zikiwa chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari, na mama mmoja mwenye mwavuli akipita taratibu kati ya vibanda, kanga yake ikipepea polepole kama watembeavyo waliozama. Hakuogopa. Alijisikia mwepesi. Bi Salama, akimenya viazi kwenye kigoda chake, alimsikia akicheka peke yake.

"Mwanangu," akasema, "wenzio wanafuga mbuzi. Wewe unafuga mazi." Mazi ndiyo maji kwa Kishambaa, na Bi Salama akiwa na neno la kuchoma hulitia kwa lugha yake.

"Mama, si ya kuliwa."

"Najua si ya kuliwa. Mimi si mtoto. Anayeliwa hapa ni wewe." Lakini umeme ulipokatika usiku wa baridi, asubuhi Faraji alikuta blanketi la mama yake limefunikwa juu ya tangi, na mwenyewe amejikunja ndani ya kanga mbili.

Mawe yalipokomaa, Faraji aliteremka Tanga. Hakuipenda bahari yenyewe; ilikuwa pana mno, hakujua atazame wapi. Akatazama chini, ndani ya matangi ya Hamza, na hapo akapenda kila kitu.

"Bahari ndogo ni kama nyumba ndogo," Hamza alimwambia. "Usiingize mtu wa makuu. Chukua samaki sugu. Hawa wawili wa chungwa wenye mikanda myeupe: hawasumbui, wanakula chochote, wanapendana wenyewe. Na huyu kijivu anayechimba mchanga. Si mzuri, lakini hajui kufa. Na matumbawe, yaache yale magumu yenye matawi, yanataka jua la pwani na maji yasiyobadilika. Chukua haya laini. Hili la uyoga. Na hili hapa, linafanana na sikio la ng'ombe, ukilikwaza linajifunga, ukililea linafunguka tena." Alikata kipande cha sikio la ng'ombe kwa wembe akakifunga juu ya jiwe kwa uzi.

"Kumbe mnapanda kama marando," Faraji akasema, akikumbuka mama yake akichomeka vipande vya mashina ya viazi vitamu kwenye matuta.

"Ndivyo. Tena yanashika kuliko marando."

Katika tangi la pembeni alikuwepo kitatange mmoja, mpana kama sahani ya kikombe, njano yenye mistari myeusi, mdomo mwembamba. Faraji alisimama mbele yake asiondoke. Nasra aliwahi kumwambia, siku moja ya Ijumaa, kwamba marehemu baba yake alikuwa akimwita kitatange wangu.

"Huyo hapana," Hamza akasema bila kuulizwa. "Huyo anakula matumbawe. Na ukimtoa kwake anasusa chakula, anasusa mpaka anakufa. Mzuri wa kutazama tu."

Faraji aliitikia. Halafu, Mungu amsamehe, kabla ya kupanda basi alipita kwa muuzaji mwingine akanunua kitatange. Aliuficha mfuko wa samaki chini ya koti mlima mzima, akihisi kile kiumbe kikimgonga ubavuni kwa utulivu, kama moyo wa pili.

Siku ya kwanza ya samaki, chumba cha nyuma hakikuwa chumba tena. Wale wa chungwa walichagua kona yao. Yule wa kijivu alichimba shimo akatoa kichwa tu. Uyoga ulikunjuka, sikio la ng'ombe likatoa vinyweleo vidogo vilivyoyumba huku na huku. Na kitatange alipita katikati ya vyote taratibu, akigeuka, akigeuka, na Bi Salama aliacha kumenya. Alitazama mpaka maji ya viazi yakafurika jikoni. "Haya," akasema mwishowe kwa sauti ndogo. "Haya ni ya kuonwa na mtu."

Kiangazi kilianza, na hewa ya mlimani ikayanywa maji. Kila asubuhi Faraji alikuta yamepungua upana wa kidole. Akamtumia Hamza ujumbe wa sauti, na Hamza akarudisha wake, upepo ukivuma ndani yake: "Hilo ni kawaida, kaka. Yakipungua ongeza maji baridi. Maji baridi tu, usiongeze kingine."

Hapa nawaomba tumwonee huruma. Mwambie fundi wa friji neno baridi, naye hataliuliza mara mbili. Ni neno lake, amekula nalo miaka yote. Akaona mantiki yake pia: taa inapasha, hita inapasha, kitu cha kupoza lazima kiwepo. Akachukua dumu la maji ya bahari lililobaki, akalitia kwenye friji, na kila asubuhi akachota kikombe kilichouma meno, akakimimina.

Kitatange alisusa. Alipewa punje, akazitema. Alipewa dagaa aliyesagwa, akageuka. Faraji alimbembeleza kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu, akiwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Asubuhi moja akamkuta amelala ubavu juu ya mchanga, rangi zake zote zipo. Miaka mingi Faraji ameshika samaki waliokufa akawapanga kwenye droo bila kuwaza. Huyu alishindwa kumweka kwenye friji. Alimzika nyuma ya duka chini ya mti wa plamu, akalia wazi wazi, hata muuza pichi akamwona akaacha kuita wateja.

Kosa la kitatange alilijua ni lake. Lakini hata waliobaki walianza kuharibika. Sikio la ng'ombe lilijifunga, likasinyaa, ngozi ikafifia. Wale wawili wa chungwa walipanda juu wakihema harakaharaka. Pembeni mwa kioo kulikuwa na ukoko mweupe.

"Umeongeza maji baridi?" Hamza aliuliza kwa simu.

"Kila asubuhi."

"Baridi kabisa?"

"Baridi kabisa, kaka. Yanaganda vidole."

Nadhani Hamza aliona ni maneno ya watu wa mlimani tu. "Basi endelea," akasema.

Akaendelea. Na shule zikafungwa.

Nasra alikuja siku ambayo si Ijumaa, amevaa viatu vya safari. Alikuwa ameshafunga mizigo na kesho angeshuka na basi la asubuhi. Alikuja kumaliza droo yake na kuaga. Chumba cha mbele hakikuwa na mtu, ila Bi Salama aliyekaa mlangoni na blanketi mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani. Kuna mgonjwa."

Nasra aliingia haraka, akidhani ni Faraji. Akamkuta amepiga magoti mbele ya tangi. Nje ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na chumba kizima kilikuwa buluu, kuta, dari, mikono ya yule mwanamume. Nasra alisogea mpaka pumzi yake ikaandika kwenye kioo. Aliona mchanga wa kwao. Aliona samaki ambao alikuwa akiwachungulia kwenye mabwawa ya mawe, maji yakipwa, akiwa hajajua hata kusoma. Mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika mdomo. Kwa muda mrefu alikuwa mahali pengine, na Faraji alimwona akiwa huko, akatamani wakati usiende.

Halafu akaona wanavyohema. Mwalimu akarudi. Akachovya kidole, akakionja, akakunja uso.

"Fundi, hii si bahari. Hii ni kachumbari! Umeongeza nini humu?"

"Maji baridi. Kama kaka yako alivyosema."

"Maji baridi gani haya?"

Faraji alifungua friji akamwonyesha dumu, limefanya jasho, limeandikwa BAHARI kwa kalamu ya wino. Nasra alilionja. Akalitazama dumu, akamtazama Faraji, akalitazama friji. Kicheko kilimtoka tumboni kikamkalisha chini. Alicheka mpaka machozi, na Faraji, asiyejua kosa lake, alisimama kama mtu aliyevaa shati kwa nyuma.

"Fundi wangu," alisema alipopata pumzi. "Kwetu pwani maji baridi si haya. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, maji ya kunywa! Hata yakichemka jikoni ni maji baridi. Wewe umewatilia chumvi juu ya chumvi, tena umeigandisha!"

"Lakini yalikuwa yanapungua," Faraji akasema. "Niliogopa chumvi inaisha."

"Chumvi haiishi. Chumvi haiendi popote. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi inabaki pale pale, yote, haipungui hata..." Hapo akasimama.

Alitazama mkono wake uliolowa, ule ule aliousema siku ya mvua. Akauinua taratibu akauonja, na safari hii akafumba macho.

Bi Salama alikuwa amekuja mlangoni. Alimwangalia huyu, akamwangalia yule. "Basi yazifye hayo mazi," akamwambia mwanawe, yaani yatengeneze yawe mema tena. "Kulia hakuongezi kitu. Machozi nayo yana chumvi."

Nasra alivua viatu vya safari. "Mama, niletee maji ya bomba, uyapashe kidogo."

"Maji baridi ya vuguvugu?" Faraji akauliza kwa hofu.

"Maji baridi ya vuguvugu," Nasra akasema, akaanza kucheka upya. "Na usiyamimine yote, utawaua kwa pupa. Kikombe sasa. Kikombe jioni. Kikombe kesho asubuhi. Wamezoea uchungu, lazima wautoke polepole."

Alimimina kikombe cha kwanza akikizungusha ukingoni. Kisha akauliza bila kugeuka, "Hawa ndio wote, au walikuwepo wengine?"

Faraji hakuwahi kusema. Lakini alikiri. Alisema habari za kitatange, koti, na mti wa plamu. "Nilimtaka kwa sababu baba yako alikuita hivyo. Hamza alinikataza. Aliniambia nichukue sugu."

"Unajua kwa nini baba aliniita kitatange?"

"Kwa uzuri."

"Kwa kususa! Nilikuwa nasusa chakula. Nikikosa nilichotaka nageuza uso, mpaka bibi aje kunibembeleza." Alikitazama kile kisamaki cha kijivu kilichotoa kichwa shimoni, ndicho pekee ambacho hakikuwa na habari na msiba wowote.

Faraji ni mtu wa kujibu kesho yake. Siku hiyo alijibu pale pale. "Mwalimu, miaka yote hii umekula kabichi zetu, umekula viazi vyetu, umepigwa na baridi yetu na bado unanikemea. Wewe si kitatange. Wewe ni sugu."

Nasra alivaa viatu vyake. Alichukua mfuko wake, akatoka nje kwenye ukungu, na Faraji akasikia viatu vikielekea upande wa stendi. Usiku ule hakulala vizuri.

Asubuhi basi la kwanza lilipiga honi likateremka. Faraji alikuwa amekaa mbele ya tangi na kikombe mkononi, akiogopa kukimimina vibaya, mlango wa mbele ulipofunguliwa.

"Umeshawatilia?" sauti ya Nasra ikauliza.

"Bado."

"Lete."

Akaja na jioni. Akaja siku iliyofuata, na nyingine, akisema kila mara kwamba atashuka maji yakitulia. Wale wa chungwa waliacha kuhema. Ukoko mweupe ukafutwa. Bi Salama alianza kupika viazi vya watu watatu bila kumwambia mtu. Sikio la ng'ombe lilikaa limejifunga hata Nasra akataka kulitoa. Halafu jioni moja, mvua ya rasharasha ikigonga dirishani, lilichubua ngozi yake ya zamani kama kitambaa chembamba, na chini yake vinyweleo vyote vikatoka, vipya, vikayumba.

Walilitazama mpaka chumba kikawa giza isipokuwa ile buluu.

"Kesho nitakwenda ofisini," Nasra akasema, "niwaombe waniache nilipo."

Faraji aliweka kikombe chini.

"Na wewe mpigie kaka Hamza."

"Nimwambie maji yametulia?"

"Mwambie unaposa, Faraji." Hakusema Fundi. "Mwambie bahari imepanda, na mimi si mtu wa kurudi nyuma ya neno langu. Na akikujibu, mwulize mara mbili alichomaanisha."

Faraji alipiga, simu ikaita muda mrefu. Nasra alikwenda kwenye bomba la uani, akajaza kikombe, akakisogeza jikoni kipate moto kidogo.